Ukiguswa usiku, amua asubuhi: jinsi ya kwenda na hisia na akili kwenye imani

Wapendwa, Bwana asifiwe. Mwaka jana kwenye mkesha mmoja huku Igoma, Mwanza, nililia mpaka nikakaa chini, na ilipofika muda wa sadaka nikatoa laki tatu yote niliyokuwa nayo mfukoni, ambayo ilikuwa mtaji wa dagaa na nusu yake ni ya dada yangu. Asubuhi tuko sokoni Mwaloni Kirumba, magunia yapo, muuzaji anasubiri, dada akaniambia haya toa hela, nikamweleza. Hakusema neno, alikunja kile kifuko chake cha kitambaa taratibu akakirudisha kifuani. Na yale machozi yalikuwa ya kweli, Mungu alinigusa usiku ule, ila mi ndo niliyaachia machozi yapange kiasi.

Kwa hiyo sisemi uogope kulia kanisani. Yesu mwenyewe alilia kwenye msiba wa Lazaro na huku anajua anaenda kumfufua. Na wale wanafunzi wawili wa njia ya Emau mioyo iliwaka kabisa, lakini soma Luka 24 uone iliwaka saa ngapi, ni pale Yesu alipokuwa anawafafanulia maandiko kuanzia Musa na manabii, yani somo na moto vilikuja pamoja.

Sasa fanya hivi. Ukiguswa, toa simu uandike: neno gani limenigusa, na nasikia kusukumwa kufanya nini. Basi, kalale. Asubuhi ukishakunywa chai soma tena ulichoandika afu jiulize, hili linakaa na maandiko? Hii hela ni ya nani? Nikifanya hivi nani nyumbani atalala njaa? Hiyo sio kukosa imani, Luka 14:28 Yesu anasema anayetaka kujenga mnara akae kwanza ahesabu gharama. Halafu kuna watu wa Beroya, Matendo 17:11, walilipokea neno kwa utayari wote na bado wakawa wanachunguza maandiko kila siku waone kama ndivyo, na mhubiri alikuwa Paulo! Huku kwetu ukimuuliza mtumishi swali unaambiwa una roho ya ubishi, na hilo linaniuma sana kwa sababu Biblia inawasifu waliochunguza.

Kingine, subiri uone kinachobaki. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alikuwa askari, mwaka 1521 risasi ya mzinga ikamvunja mguu vitani kule Pamplona, Hispania, akalazwa kitandani muda mrefu. Akiwaza ushujaa na sifa anafurahi, zikipita anabaki mkavu, ila akiwaza kumfuata Kristo kama watakatifu ile furaha inabaki hata baadae. Alitumia akili kuzisoma hisia zake. Ndo maana nakwambia usiamue siku hiyo hiyo, acha siku mbili tatu zipite.

Na siku ambazo huhisi kitu, unaomba kama unaongea na ukuta, usibadilishe uliyoamua ukiwa na amani, hilo nalo alilifundisha Inyasi huyo huyo. Cheki mwili kwanza. Eliya alipotaka kufa, 1 Wafalme 19, malaika hakumpa somo, alimpa mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena. Mvuvi wa dagaa aliyekesha na taa ziwani akaja ibadani asubuhi macho mekundu, asipohisi chochote kwenye sifa imani yake haijafa, ana usingizi. Ukishalala na kula, jisemeshe kama Zaburi ya 42, "Nafsi yangu, kwa nini kuinama?", hapo unachokijua kinakihubiria unachokihisi.

Na wewe ndugu yangu wa hoja, unayejibu kila swali la imani lakini msibani hukai hata nusu saa, Marko 12:30 inataja moyo kabla ya akili. Nenda ukae na wafiwa, usielezee kitu.

Ile nusu ya dada nilimrudishia kidogo kidogo, ilichukua miezi mitano. Mwezi uliopita niliguswa tena kwenye mkesha, saa tisa usiku nikaandika kwenye simu, asubuhi nikampa asome kabla sijaahidi kitu kwa mtu. Akasoma mara mbili, akasema elfu ishirini tunaweza, twende wote tukatoe.