Usiing'oe: Maua Yanayokuja Mwaka wa Pili

Digitalis zangu za kwanza (maua ya kengele, foxglove kwa Kiingereza) nilizing'oa kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa nimezimwagilia miezi minane, nikaona majani tu yamelala chini kama sahani, hata kitumba kimoja hakuna. Nikajua nimeuziwa magugu.

Kumbe ndivyo yalivyo maua ya miaka miwili. Mwaka wa kwanza ni majani na mizizi. Yakishapitiwa na msimu wa baridi ndipo bua hupanda, huchanua, hutoa mbegu na mmea kufa. Alcea na Dianthus barbatus mara nyingi huenda hivyohivyo. Kwa hiyo sia miaka miwili mfululizo, usije ukawa na bustani inayochanua mwaka huu na kulala mwaka ujao. Maua ya kudumu, kama Lupinus na Aquilegia, nayo yakianzia kwenye mbegu mengi hukungojesha mwaka, ila hayo hayafi baada ya kuchanua mara moja.

Mbegu ya Digitalis ni ndogo kama vumbi na inataka mwanga ili iote. Ichanganye na mchanga mkavu, nyunyiza juu ya udongo laini, gandamiza kwa kibao, basi. Usiifukie! Trei iweke kwenye beseni la maji inywe kutoka chini, kwani ukimwagilia kwa juu mbegu zote zinakimbilia pembeni.

Lupinus ina ganda gumu: isugue kidogo kwa msasa, kisha iloweke usiku kucha. Aquilegia mara nyingi inataka ubaridi. Mimi huiviringisha kwenye karatasi laini yenye unyevu, naitia kwenye mfuko mdogo, naiweka kwenye friji (si kwenye barafu) wiki tatu au nne. Andika jina juu ya mfuko. Wa kwangu wa kwanza ulitupwa na aliyekuwa akisafisha friji.

Miche ikisongamana na udongo ukiwa chapachapa, kinyausi (ugonjwa wa kuozesha miche) huikata usawa wa ardhi kwa usiku mmoja. Sia kwa nafasi, acha hewa ipite. Ikipata majani halisi mawili hadi manne, ihamishe ukiishika jani, si shina. Alcea ina mzizi mrefu, ipe chombo chenye kina mapema.

Digitalis ni sumu yote, na kabla haijachanua majani yake yanaweza kudhaniwa mboga. Iwekee kibao cha onyo, na uipande mbali na watoto.

Mwaka wa pili, bua moja usilikate. Liache likauke limwage mbegu, na hapo chini usipitishe jembe mpaka uijue sura ya miche yake.