Kupiga sintesaiza ya zamani isiyopima kidole

Vijana wa kwaya wanaopita kibandani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, wamekulia kwenye vinanda vya kisasa. Ukigusa taratibu kinanong'ona, ukigonga kinapaza sauti. Sasa wakikaa mbele ya ile sintesaiza Juno-106 iliyovuka ziwa na bendi moja kutoka Kalemie, hawamalizi ubeti. "Fundi, hii imekufa. Haisikii mkono."

Haijafa. Kampuni ya Roland iliitoa mwaka 1984 bila kipimo cha mguso, na wala haikuwa peke yake. Sintesaiza nyingine za zamani, Minimoog ya 1970, Prophet-5 ya 1978, Jupiter-8 ya 1981, zote hazipimi kidole. Kibonyezo chake ni kama swichi ya ukutani: uiguse au uipige kofi, taa inawaka vilevile.

Kwa hiyo kabla ya kupiga, jua umekalia nini. Chagua sauti moja isiyo na mdundo, bonyeza kibonyezo kimoja polepole, halafu kigonge haraka, mara zote ukikishikilia muda uleule. Sauti isipobadilika, kipimo hakuna. Kisha shikilia noti na uzidi kuikandamiza ikiwa tayari chini. Ikianza kutetemeka au kung'aa, hicho ni kipimo kingine kabisa, cha mkandamizo. Yamaha CS-80, ya miaka ya sabini, ilikuwa na vyote viwili, tena mkandamizo ulipimwa kwa kila kibonyezo peke yake. Ndiyo maana mwanamuziki Vangelis aliweza kuifanya noti moja ilie ndani ya kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) huku nyingine zimetulia. Uzito wake lakini! Usijaribu kuibeba peke yako.

Hata kwenye kinanda chenye kipimo, watu hudhani kinachopimwa ni nguvu. Si nguvu, ni kasi. Kwa kawaida chini ya kibonyezo huwa kuna kontakti mbili, moja inagusa kabla ya nyingine, na mashine inahesabu muda uliopita katikati. Muda mfupi, sauti kubwa. Chukua Yamaha DX7 ya 1983, yenye kipimo hicho, bonyeza kwa nguvu zako zote lakini polepole: itatoka noti ya upole.

Turudi kwenye Juno. Nguvu na upole utavipata kwa mkono wa kushoto. Weka kidole kwenye slaida (kitufe cha kusukuma juu na chini) ya FREQ ya filta, sehemu inayochuja mng'ao wa sauti, ianze chini kidogo ya katikati, na waimbaji wakiingia kwenye kiitikio ipandishe polepole. Sikio la msikilizaji litasema umeongeza sauti, kumbe umeongeza mng'ao tu. Ukitaka noti iingie kwa upole, pandisha A (muda wa noti kuingia) ya envelopu, sehemu inayoongoza noti inavyoanza na kufifia. Ukitaka igonge, ishushe hadi chini kabisa, D (muda wa kushuka) iwe fupi, S (kiwango noti inapobaki ukiishikilia) ishuke, na slaida ya ENV kwenye filta (kiasi envelopu inavyoifungua filta) ipande. Kumbuka envelopu hiyo inatawala kinanda kizima, huwezi kuipa noti moja upole na jirani yake ukali.

Hapo ndipo wapiga piano wanapokwama. Wamezoea kidole kidogo kibebe melodi juu ya kodi kwa kukigonga zaidi. Huku noti zote zina sauti sawa, na kodi ya vidole sita inaizika melodi. Dawa yake ni kupunguza. Mwachie mpiga besi noti za chini, shika noti mbili au tatu za kodi, melodi ipandishe oktavo moja juu. Juno inatoa noti sita tu kwa wakati mmoja, hivyo ukilundika noti utakuta nyingine zinakatwa.

Mkazo nao unatengenezwa kwa ukimya. Noti iliyo kabla ya ile unayotaka isikike, ikate mapema. Lile pengo dogo linaifanya inayofuata ionekane imegongwa. Jaribu kwenye pambio lolote la haraka, utanielewa bila maelezo. Na kama una pedali ya sauti, ichomeke kati ya kinanda na amplifaya, mguu ufanye kazi ambayo kidole hakiwezi. Mimi naiona hiyo ndiyo pesa nzuri kuliko zote utakayotumia kwenye mashine hizi.

Kwenye Minimoog kuna jambo la ziada. Inatoa noti moja tu, na ukishika mbili inasikika ya chini. Shika do, kisha ongeza mi juu yake: mi haitoki mpaka uiachie do. Tena usipoinua vidole vyote, envelopu haianzi upya, noti zinateleza bila kugongwa. Ukitaka zigongwe, inua. Ukitaka ziteleze, unganisha.

Kuchomeka kinanda kipya kwa MIDI, waya wa vinanda kupeana taarifa, hakusaidii Juno-106. Namba za kasi, 1 hadi 127, zitaifikia na itazipuuza. Anayetaka sintesaiza ya analojia ya Roland inayosikia kidole atafute JX-8P ya 1985.

Usichanganye tabia na ugonjwa. Kibonyezo kilekile kikigoma kila mara, shuku kontakti. Lakini noti ikipotea kila baada ya mibonyezo sita, hata ukihama kibonyezo, hiyo ni chipu ya sauti iliyokufa, ugonjwa maarufu wa Juno-106. Kwenye kinanda chenye kipimo, noti moja inayolipuka hata ukiigusa taratibu ni kontakti chafu, na vumbi letu jekundu la kiangazi linapenda sana kuingia humo. Chomoa umeme, safisha kwa spiriti ya isopropili na pamba ya masikioni, acha ikauke kabisa. Petroli usiisogeze karibu na raba zile. Na kabla ya kuichomeka tena soma kibandiko cha nyuma: zilizotengenezwa kwa soko la Japani zinataka volti 100, na ukutani kwetu kuna 230.