Kabla Kijana Hajaenda Kambi ya Uongozi: Mambo ya Kuzingatia

Mzazi akishamwandikisha mwanawe kwenye kambi ya uongozi ya vijana wa Kikristo, swali linalofuata huwa ni la mizigo: abebe nini, alale na nini. Mizigo nitaigusa, lakini tuanze na kile kinachompeleka huko. Kijana huanza kujiamini anapokabidhiwa kazi ndogo ya kweli, akaifanya mwenyewe, wenzake wakaona. Maandalizi yako yote yapime kwa kipimo hicho.

Nimelea vijana kambini kwa miaka kadhaa, na kuna asubuhi moja haijanitoka moyoni. Binti wa miaka 14 alipangiwa kuongoza sala ya kufungua ibada. Alikuwa ameiandika kwenye karatasi aliyoikunja mara nne. Alipofika mstari wa tatu akapotea. Karatasi ikaanza kutetemeka, kimya kikatanda, vijana wakainamisha vichwa. Mlezi wake alisimama hatua chache pembeni, mikono nyuma, hakusogea. Mimi nilikuwa nimeshainuka nusu nikamwokoe. Namshukuru Mungu nilirudi kukaa. Binti aliikunja ile karatasi, akafumba macho, akamalizia kwa maneno yake. Kesho yake alikuja mwenyewe kuomba asome Neno.

Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba imani ya mtu katika uwezo wake ina vyanzo vinne: kufanya jambo mwenyewe akafaulu, kumwona mtu wa aina yake akilifanya, kutiwa moyo kwa maneno, na jinsi anavyoutafsiri mwili wake moyo unapomwenda mbio. Chenye nguvu kuliko vyote ni cha kwanza. Sisi wazazi tunaegemea sana cha tatu. Tunasema "unaweza, mwanangu" asubuhi na jioni, kisha tunamjibia mgeni anapomuuliza jina lake.

Kwa hiyo kabla ya kulipa ada, omba ratiba uisome kwa kalamu mkononi. Weka alama kila mahali kijana anapofanya jambo na kila mahali anapokaa kusikiliza. Ikiwa siku nzima ni mahubiri na semina, hata wanenaji wawe hodari kiasi gani, atarudi na daftari lililojaa na woga uleule. Uliza vikundi vina vijana wangapi. Katika kikundi cha watu 8 hata mkimya hufikiwa na zamu. Katika cha 30 atajificha hadi siku ya kufunga. Uliza pia kama kuna walezi waliomzidi umri kidogo tu, maana kijana akimwona wa miaka 19 akiongoza maombi huku sauti inamtetemeka, anajifunza kwamba hofu na utumishi vinaweza kukaa pamoja.

Usalama usiuonee aibu kuuliza. Walezi wamechunguzwaje kabla ya kupewa watoto? Kuna kanuni kwamba mtu mzima hakai peke yake na kijana mahali pasipoonekana? Wavulana na wasichana wanalala wapi, na nani anawalinda usiku? Kijana akiguswa au akisemeshwa vibaya, anamwendea nani? Mratibu makini atakujibu bila kununa. Anayekujibu kwamba "hawa wote ni watumishi wa Mungu, usiwe na wasiwasi" bado hajakujibu. Na mwambie kijana wako waziwazi kwamba ana ruhusa ya kukataa, hata kama anayemtaka jambo ni kiongozi wa kiroho, na kwamba hakuna siri ya mtu mzima anayopaswa kuitunza wewe usijue.

Uliza vilevile wanavyoendesha usiku wa toba na ushuhuda. Wapo vijana wanaokutana na Mungu kweli usiku huo, na ni neema kubwa. Wapo pia wanaosukumwa kueleza mambo ya ndani ya familia mbele ya umati, asubuhi wakaamka na aibu. Kambi nzuri humwacha kijana abaki kwenye kiti chake bila kuonekana mwasi.

Sasa kijana mwenyewe. Mshirikishe uamuzi mapema. Mwongozo wa chama cha madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2007 kuhusu kukumbuka nyumbani ulishauri hivyo, pamoja na kumzoesha kulala siku chache mbali na wazazi kabla ya safari. Ukaonya pia dhidi ya ahadi ambayo wengi tunaitoa kwa upendo: "ukishindwa nipigie nije nikuchukue." Ahadi hiyo humwambia kwamba unatarajia ashindwe. Mwambie badala yake kwamba kukumbuka nyumbani ni kawaida, kwamba kuna mlezi wa kumweleza, na mpange pamoja atafanya nini usiku wa kwanza. Kama ni kuandika barua, atie bahasha kwenye begi.

Ikiwa ni mkimya, usimtume kambini akabadilishwe awe msemaji. Yeremia alilia kwamba ni mtoto, hajui kusema. Musa alijitetea kwa uzito wa ulimi, akapewa Haruni. Ninayempenda zaidi katika jambo hili ni Daudi, 1 Samweli 17: Sauli alimvika mavazi yake ya vita, kijana akajaribu kutembea, akayavua kwa kuwa hakuyazoea, akaenda na kombeo lake. Maneno kama "ukawe kama dada yako" ni mavazi ya Sauli. Yule anayepanga viti kabla hajaambiwa, au anayemwona mgeni aliyekaa peke yake akamsogelea, tayari ana kombeo mkononi.

Fomu ya afya ijaze kwa ukweli wote. Pumu, kifafa, mzio, kukojoa kitandani: mnong'oneze mlezi mmoja kabla, ili kijana asibebe hofu ya kugunduliwa. Dawa zikae kwenye pakiti zake, zenye jina lake na kipimo. Msichana abebe pedi hata kama hajavunja ungo.

Begi alifunge yeye. Nguo za kutosha, viatu vilivyokwisha kuvaliwa, tochi, Biblia ya karatasi kwa kuwa simu huenda zikakusanywa, daftari, na namba yako imeandikwa mahali. Akisahau taulo, atajifunza kuomba msaada.

Jambo la mwisho linafanywa wakati yeye bado yuko nyumbani. Mwendee mlezi wa vijana wa kanisa lenu, umwombe nafasi moja kwa ajili ya kijana ndani ya wiki mbili baada ya kurudi: kusoma Neno, kupokea wageni mlangoni, kufundisha watoto wadogo wimbo. Iandikwe kwenye ratiba, tarehe na jina lake. Siku ikifika, keti safu ya nyuma, na akikwama usimnong'oneze neno.