Kuanzisha Baraza la Vijana la Kutua Mawazo, Lamu

Baraza hili ni mahali pa vijana kusikilizwa na vijana wenzao wanapolemewa na mawazo. Anzeni na jina. Mkiandika "Kituo cha Afya ya Akili" mlangoni, mtaa mzima wa Mkomani utasoma "nyumba ya wendawazimu" na hakuna atakayekanyaga. Ubao utaje jambo jengine: bao, keram, masomo ya jioni, kushona nyavu. Mambo hayo yawepo kweli, ili kijana akionekana akiingia awe na jibu la kumpa shangazi yake.

Kinachoua mabaraza ya namna hii ni siri kuvuja, zaidi ya uhaba wa fedha. Kwa hiyo chagueni nyumba kwa mpango wake. Nyumba ya kale ya mawe imekwisha kuwafanyia kazi: daka (kibaraza cha mlangoni) nje kwa wapita njia, tekani (ukumbi mdogo wa kuingilia), kiwanda (ua wa katikati ya nyumba), misana (vyumba virefu vinavyofuatana), kisha ndani, chumba cha mwisho. Daka liwe la kahawa na soga, yeyote akae. Kiwanda kiwe cha michezo na darasa. Maongezi ya watu wawili yafanyike ndani kabisa. Kabla ya kulipa kodi, mmoja asome ndani kwa sauti ya kawaida, mwengine akae daka. Akisikia hata neno moja, pazia halitasaidia. Redio ikipiga taarabu kiwandani ndiyo hufunika sauti. Isipotosha, tafuteni nyumba nyengine.

Mwoneni mzee wa mtaa na imamu wa msikiti wa karibu mapema. Wakisikia habari kwa watu kwanza, mtajieleza mpaka kusi iishe. Kisha jisajilini kwa afisa wa maendeleo ya jamii: Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka watu wasiopungua 10, pamoja na katiba, kumbukumbu za mkutano na majina ya viongozi.

Saa ziende na mji. Wasichana baada ya Alasiri, watoke kabla ya Magharibi. Wavulana baada ya Isha. Ramadhani sogezeni baada ya tarawehe. Wakati wa kusi, bahari ikichafuka na mashua ndogo zikikaa ufukweni, ongezeni siku, maana mifuko ni mitupu na nyumba zina ugomvi. Muguka, aina ya miraa, usiingie, hata dakani. Simu ziachwe kapuni mlangoni, na mfadhili akitaka picha apige za milango, si za watu.

Wasikilizaji sita watosha kuanzia, wasichana watatu na wavulana watatu, kila mmoja asichukue zaidi ya watu watatu kwa wiki. Wengi huchoka kwa kubeba kumi, kisha huanza kukwepa. Msichague msemaji hodari. Chagueni yule ambaye watu tayari humwendea. Muuguzi au mshauri wa hospitali awafundishe, na akutane nao kila mwezi. Kwamba mtu asiye daktari anaweza kazi hii, si ndoto: Dixon Chibanda, daktari wa akili wa Zimbabwe, alianza Harare mwaka 2006 na bibi 14, waliosikiliza watu kwenye benchi la kawaida. Sisi benchi tunazo, za mawe.

Mazungumzo yenyewe yana mpango. Mwacheni ataje shida zote bila kukatizwa, achague moja, mtafute njia pamoja, aondoke na hatua moja ndogo ya wiki hiyo. Kosa kubwa ni kumwambia "subiri tu, Mungu yupo" katika dakika ya pili. Hata akiwa anaamini hivyo, atanyamaza. Siri ina mipaka mitatu, nayo itajwe kabla hajaanza: akitaka kujidhuru, akitaka kumdhuru mtu, au mtoto akidhulumiwa.

Mkishuku anafikiria kujiua, mulizeni wazi: "Umewahi kuwaza kujiua?" Swali halimtii wazo hilo kichwani, mara nyingi humpa nafuu. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, na dawa, kamba na visu viondolewe karibu naye. Familia zikiogopa polisi, waelezeni kwamba tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinapingana na Katiba. Bandikeni ukutani namba mbili: 1199 ya Msalaba Mwekundu na 116 ya watoto.

Nyumbani wakisema ana jini asomewe, msishindane. Asomewe, na hospitali aende pia, na dawa alizopewa asizikatize. Anayesikia sauti zisizokuwepo, au asiyelala siku kadhaa na maneno yakimtoka mbio, amepita uwezo wa baraza. Apelekwe Hospitali ya King Fahd, mjini Lamu. Anayetoka Siyu, kisiwani Pate, husubiri maji yajae ndipo mashua ipite, kwa hiyo jueni saa za maji, na kibwetani muwe na nauli ya watu wawili kila wakati, maana mgonjwa hasafirishwi peke yake.