Namna ya kuipima sentensi ya Wikipedia kabla hujaisema mbele ya mgeni

Waongoza watalii wanaoanza kazi Mji Mkongwe huniuliza sana: Wikipedia inaaminika au haiaminiki? Kwa namna linavyoulizwa, swali hilo halina jibu. Kamusi elezo hiyo ina mamilioni ya kurasa, na karibu zote zinaweza kuhaririwa na yeyote mwenye intaneti. Ndani ya ukurasa mmoja utakuta sentensi iliyoandikwa na mtu aliyekesha na vitabu, na inayofuata imeandikwa na mtu aliyelisikia jambo hotelini. Kwa hiyo pima sentensi, usipime tovuti nzima.

Waliosoma chuoni, yaani madrasa, wanalijua jambo hili tangu utotoni. Hadithi ya Mtume haipokewi kwa uzuri wa maneno yake. Huulizwa imetoka kwa nani, na huyo kaipokea kwa nani, mpaka mwanzo wa sanadi, yaani mlolongo wa waliopokezana habari. Ninavyoisoma Wikipedia ni hivyohivyo, na mwongozo huu unaonyesha namna, kwa mifano ya visiwani kwetu. Utahitaji simu, bando dogo na daftari.

Hatua ya 1: Chagua sentensi moja yenye kitu cha kushika

Usianze na makala nzima, utachoka. Chukua sentensi yenye mwaka, idadi, jina au sababu. "Mji Mkongwe unavutia" haina cha kupima. "Mji Mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000" inapimika. Iandike kwenye daftari kama ilivyo, neno kwa neno, kwa sababu baadaye utataka kujua ni neno gani hasa lililobadilika njiani.

Kwa mwongozo huu tuchukue ile ambayo kila mgeni anayo mdomoni: vita vya Zanzibar na Uingereza vya tarehe 27 Agosti 1896 ndivyo vifupi kuliko vyote duniani, vilidumu dakika 38.

Hatua ya 2: Fuata kile kinamba kidogo

Mwisho wa sentensi nyingi kuna kinamba kidogo kilichoinuliwa juu. Kigonge, kitakupeleka kwenye tanbihi: kitabu, gazeti au tovuti ambako habari imetolewa. Sentensi isiyo na kinamba haimaanishi ni ya uongo, ila haina sanadi, na mimi siisemi mbele ya wageni mpaka niipatie.

Ukiifuata sanadi ya zile dakika 38 utakuta wapo wanaoandika 38, wapo wanaoandika 40, na wapo wanaofika 45. Hakuna anayedanganya hapo. Sultani wa Zanzibar, Sayyid Hamad bin Thuwaini, alifariki tarehe 25 Agosti 1896, Khalid bin Barghash akaingia kasri na kujitangaza sultani, nao Waingereza wakampa muda wa kutoka. Muda huo uliisha saa 3 kamili asubuhi ya tarehe 27. Mizinga ya manowari ilianza kulia dakika mbili baadaye, ikanyamaza mnamo saa 3 na dakika 40, na wengine wanaendelea kuhesabu dakika chache zaidi. Jibu linategemea unaanzia wapi na unakomea wapi. Basi mwongoza watalii mwaminifu atasema "kati ya dakika 38 na 45", na akiulizwa kwa nini, anayo ya kueleza.

Kuna jambo kubwa zaidi katika makala hiyohiyo, nami naomba ulishike. Idadi inayotajwa kwa upande wa Wazanzibari ni takriban watu 500 waliouawa au kujeruhiwa. Habari ikinakiliwa kutoka tovuti hadi tovuti, "au kujeruhiwa" hudondoka, na mgeni anakuja akiwa na "watu 500 waliuawa". Maneno mawili tu, na historia imeshakuwa nyingine. Hao walikuwa watu wa mji huu. Inanikera kuona wanageuzwa kichekesho cha vita vifupi, na inanikera zaidi kuona hata hesabu yao haiheshimiwi.

Kwa hiyo ukifungua tanbihi, jiulize: je, kiungo kinafunguka? Je, hicho chanzo kinasema kweli kile ambacho sentensi inadai, au kinasema kitu kinachofanana nacho? Na chenyewe kimepata wapi?

Swali hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Mwaka 2008 mwanafunzi mmoja wa Marekani aliongeza kwenye Wikipedia ya Kiingereza jina la kubuni la mnyama aitwaye coati, akaandika kwamba huitwa pia mhanga (yule mnyama mla mchwa, aardvark kwa Kiingereza) wa Brazil. Halikuwapo jina hilo popote. Miaka iliyofuata magazeti yakalitumia, kisha magazeti hayohayo yakawekwa kwenye Wikipedia kuwa ushahidi wa jina. Habari ilizunguka ikarudi ilikotoka, ikiwa na tanbihi nzuri kabisa! Kwetu mzunguko huu hupitia kwenye tovuti za hoteli na za kampuni za safari. Ukiona tanbihi ya jambo la kihistoria ni tangazo la hoteli ya ufukweni, chukulia kwamba bado huna sanadi. Majibu ya akili mnemba nayo yaangalie kwa jicho hilo, maana sehemu ya chakula chake ni Wikipedia.

Hatua ya 3: Fungua historia ya ukurasa

Hapa ndipo kamusi elezo ya mtandaoni inapoishinda ya karatasi, na ni wachache wanaotumia nafasi hiyo. Kila badiliko limehifadhiwa: nani alibadilisha, lini, na alibadilisha neno gani. Ukitumia kompyuta, historia iko juu ya makala. Ukitumia simu, teremka mpaka chini kabisa, utaona mstari unaosema lini ukurasa ulihaririwa mara ya mwisho. Ugonge.

Kwanza tazama tarehe. Beit al-Ajaib, lile jumba la Mji Mkongwe lililokuwa makumbusho, ilijengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Sayyid Barghash, na sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Aya iliyoandikwa kabla ya siku hiyo na isiyoguswa tena itamwelekeza mgeni kwenye makumbusho kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwandishi wake hakukosea, wakati umempita. Idadi ya watu ni vivyo hivyo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar, ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Ukikuta "watu milioni 1.3", unajua umri wa sentensi hiyo bila kuambiwa.

Kisha tazama mabadiliko yenyewe. Linganisha toleo la zamani na jipya, programu itakuonyesha kwa rangi kilichoondolewa na kilichowekwa. Kinachonishtua ni tarakimu iliyobadilishwa huku tanbihi ikiwa ileile. Ikiwa kitabu ni kilekile na ukurasa ni uleule, kwa nini mwaka umebadilika? Matusi huonekana haraka na kufutwa, wakati mwingine na roboti ndani ya dakika chache. Tarakimu moja iliyogeuzwa kimyakimya inaweza kukaa miaka, hasa katika makala ya kijiji cha Micheweni au Makunduchi ambayo haina wa kuichunga.

Hata makala ya mtu mashuhuri inaweza kukosa mchungaji. Mwaka 2005 wasifu wa mwandishi wa habari wa Marekani, John Seigenthaler, ulimhusisha kwa uongo na mauaji ya John F. Kennedy na ya ndugu yake Robert, na uongo huo ukakaa kwa miezi kadhaa. Baada ya hapo Wikipedia ya Kiingereza ilizuia wasiojiandikisha kuanzisha makala mpya, na masharti juu ya wasifu wa watu walio hai yakakazwa.

Hatua ya 4: Pita kwenye majadiliano

Kila makala ina ukurasa wa majadiliano pembeni. Mara nyingi ni mtupu, basi usipoteze muda. Ila kwa mambo mazito usiuache. Idadi ya waliokufa katika Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 inapishana mno baina ya waandishi. Katika jambo kama hilo, sentensi nzuri ni ile inayotaja nani anasema nini. Sentensi inayotoa idadi moja bila kumtaja msemaji, iache hapohapo hata kama ina tanbihi.

Hatua ya 5: Linganisha lugha, kwa tahadhari

Fungua makala hiyohiyo kwa Kiingereza, Kiswahili, na Kiarabu kama unakisoma. Zikipishana, umepata mahali pa kuchimba. Zikikubaliana, usishangilie mapema, huenda moja ni tafsiri ya nyingine.

Wageni wengine watakutajia ulinganisho wa jarida la Nature wa Desemba 2005. Wataalamu walipitia makala 42 za sayansi, wakahesabu makosa 162 kwenye Wikipedia na 123 kwenye kamusi elezo ya Britannica. Britannica ililalamikia namna kazi hiyo ilivyofanywa. Ni habari ya kweli na inafaa kuijua, lakini inahusu makala za sayansi, za Kiingereza, zenye macho mengi juu yake. Haikuambii chochote kuhusu ukurasa wa Chake Chake.

Lugha zenye wahariri wachache ziko kwenye hatari ya peke yake. Mwaka 2020 iligundulika kwamba maelfu ya makala za Wikipedia ya Kiskoti yaliandikwa na kijana wa Marekani asiyeijua lugha hiyo, aliyeanza akiwa na miaka 12. Hakuwa na nia mbaya. Hapakuwa na wa kumsimamisha tu. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003 na ina watu wanaojitolea kwa moyo, lakini ni wachache kwa kazi iliyopo. Makala nyingi ni mbegu, za aya moja au mbili, na tafsiri za mashine hupenya. Dalili rahisi ni saa: ukisoma kwamba manowari zilipiga mizinga mwaka 1896 "saa 9 asubuhi", ujue hakuna Mswahili aliyeipitia sentensi hiyo.

Jambo jingine: kurasa za kigeni huandika "kisiwa cha Zanzibar" zikimaanisha Unguja. Kila takwimu ya eneo au ya watu, hakikisha kwanza inahesabu nini. Wapemba wamechoka kuachwa nje ya hesabu.

Hatua ya 6: Toka nje ya Wikipedia

Wikipedia yenyewe haijihesabu kuwa chanzo cha kutegemewa. Ni ramani ya kukufikisha kwenye chanzo. Takwimu za watu zimalize kwa Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali. Nyaraka za zamani ziko Kilimani, kwenye Nyaraka za Taifa. Na vingine unavitazama kwa macho yako. Utasoma kwamba msikiti wa Kizimkazi Dimbani "ulijengwa mwaka 1107". Nenda kasimame mbele ya kibla. Maandishi ya Kikufi yaliyochongwa pale yana mwaka 500 Hijria, ambao ni 1107 Miladia. Hilo ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya jengo unalolitazama ilijengwa upya karne ya 18. Sentensi ile imechukua umri wa maandishi ikaupa jengo zima.

Na wazee? Waulize, na uwaandike. Hata hivyo kanuni ya Wikipedia inataka habari iliyokwisha kuchapishwa mahali, kwa hiyo simulizi za Mkama Ndume, mtawala wa kale wa Pemba, alizokusimulia bibi wa Pujini haziwezi kuwekwa moja kwa moja. Kanuni hiyo inatuumiza sisi ambao elimu yetu nyingi imo vifuani, nami bado naiunga mkono, kwa sababu bila yake kila mtu angekuwa na bibi yake. Dawa ni kuzichapisha kwanza: makala ya gazeti la Zanzibar Leo, tasnifu ya mwanafunzi wa SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar), kijitabu cha skuli. Hapo sanadi inakuwapo.

Pia kubali kwamba vingine havitapatikana. Bi Kidude, mwimbaji wa taarab, alifariki tarehe 17 Aprili 2013, hilo limeandikwa. Mwaka wake wa kuzaliwa hukadiriwa tu, mnamo 1910. Anayeondoa "mnamo" ili sentensi ipendeze amekwisha kuiharibu.

Hatua ya 7: Rekebisha

Umekuta kosa na unacho chanzo mkononi? Usiishie kulalamika barazani. Fungua akaunti, kwa jina la kubuni ukipenda. Gonga hariri, badilisha lile neno moja lililokosewa, weka tanbihi palepale, kisha kwenye kisanduku cha muhtasari eleza kwa mstari mmoja umebadilisha nini na kwa chanzo gani. Usiifute aya nzima ya mtu, wala usiandike juu ya kampuni yako au ya shemeji yako. Badiliko lako likitenguliwa, usilirudishe kwa hasira. Nenda kwenye majadiliano, mwite aliyetengua kwa jina la akaunti yake, mwonyeshe chanzo, umsubiri.

Anza na ukurasa wa kijiji chako. Ukishahifadhi, gonga alama ya nyota ya kufuatilia, ili kila ukurasa huo utakapoguswa ukutokee kwenye orodha yako ya maangalizi.