Deskitopu ya ofisi kwa gemu: pima umeme kwanza
Bajeti ikiwa ndogo, kati ya kununua kompyuta ya gemu iliyokamilika na kuunga yako kipande kwa kipande ipo njia ya tatu: deskitopu ya ofisi iliyotumika, mfano Dell OptiPlex 5060 au 7060, kisha unaongeza kadi ya grafiki. Tafuta yenye prosesa ya Core i5-8500. Ina koa (viini vya kuchakata) 6 na inakubali Windows 11. Ya i5-6500 ni rahisi zaidi, lakini koa 4 zinashindwa na gemu nyingi mpya.

Wengi hukwama kwenye umeme. Kasha jembamba lina pawa saplai ya wati 200 hivi, na plagi za Dell si za kawaida, kwa hiyo usitegemee kupachika saplai yoyote ya dukani. Chukua kadi inayotosheka na wati 75 za sloti (tundu la kadi kwenye ubao mama): GTX 1650 ya kimo kifupi, isiyo na tundu la waya wa umeme. Ligeuze boksi uangalie, maana zipo GTX 1650 zinazodai waya wa pini 6. Kadi ya RX 6400 nayo inaingia, ila inatumia njia 4 tu za PCIe (muunganisho wa kadi na ubao mama), na kwenye mashine hizi za PCIe 3.0 hupoteza kasi.

RAM weka vijiti viwili vya GB 8, si kimoja cha 16. Na zile OptiPlex ndogo kabisa ziitwazo Micro ziache kabisa. Hazina sloti ya kadi ya grafiki.