Kufunga na kutunza kitambua moshi cha kunyonya hewa kwenye chumba cha seva

Mwongozo huu umetokana na maswali ya fundi mwenzangu, kijana aliyeko Dodoma, aliyeachiwa mtambo na fundi aliyemtangulia. Kila usiku paneli ya alamu ya moto ilikuwa inapiga folti (ishara ya hitilafu) ya mtiririko wa hewa, asubuhi inatulia, na mteja ameshaanza kusema ameuziwa feki. Kijana huyo umeme anaujua. Nyaya zilikuwa safi, betri nzima, paneli haina tatizo. Kilichomchezea ni hewa, na mtambo huu robo tatu yake ni hewa.

Kwa ambaye hajawahi kuugusa: badala ya kubandika vitambuzi vya duara kila kona ya dari, unatandaza bomba lenye matundu madogo, na boksi moja ukutani linanyonya hewa saa zote kwa feni na kuipitisha kwenye chemba yenye mwanga wa leza. Chembe za moshi zikitawanya ule mwanga, boksi linajua. Wazo lilitoka Australia miaka ya 1970, kwenye kazi ya kupima moshi wa moto wa misitu, na huko ndiko ilikozaliwa VESDA, chapa maarufu ya maboksi haya. Mafundi wengi huliita VESDA hata boksi la watengenezaji wengine, kama Wagner au Securiton. Mimi sina ugomvi na hilo, mradi usome kitabu cha boksi ulilonalo na si la jirani.

Hatua ya 1: Ijue hewa ya chumba

Kabla ya kuchora chochote, ingia chumbani na kipande cha karatasi ya tishu na vijiti vya udi. Washa udi, uone moshi unakokwenda AC zikiwa zinafanya kazi. Kisha omba zizimwe kidogo, urudie. Utaona vyumba viwili tofauti.

AC ikiwa imewaka, moshi mchache wa kebo inayoanza kuungua haupandi darini. Unavutwa na hewa hadi kwenye wavu ambapo AC inarudisha hewa yake. AC ikizimika, tuseme umeme umekatika na jenereta haijashika, moshi unapanda juu kama kawaida. Kwa hiyo unahitaji matundu sehemu zote mbili: mbele ya wavu wa kurudishia hewa na darini. Kwenye wavu, tundu moja lihudumie si zaidi ya mita za mraba 0.4 hivi. Bomba likae sentimita 10 hadi 20 kutoka kwenye wavu, na tundu ligeuzwe pembeni kidogo lisipigwe na upepo moja kwa moja.

Bomba la wavuni na bomba la darini nisingeyaunganisha kwenye boksi moja. Najua watu wanafanya hivyo ili kuokoa pesa. Presha ya sehemu hizo mbili haifanani, na AC ikizimika upande mmoja unavuta zaidi ya mwingine.

Hatua ya 2: Mahesabu

Tumia programu ya mtengenezaji, tena ya boksi hilohilo. Usitoboe matundu yote kwa kipimo kimoja ukadhani umemaliza. Tundu lililo karibu na feni linavuta hewa nyingi kuliko la mbali, ndiyo maana programu hukupa vipimo vinavyoongezeka taratibu kuelekea mwisho, na kifuniko cha mwisho nacho huwa na tundu lake, kubwa kidogo.

Kumbuka kuwa hewa inachanganyika. Moshi ukiingia kwenye tundu moja tu kati ya 10, ukifika kwenye boksi umeshapunguzwa na hewa safi ya matundu tisa. Ukiseti boksi lilie kwenye asilimia 0.05 kwa mita (kiasi cha mwanga kinachozibwa na moshi), kwenye tundu hilo moja hali halisi ni kama asilimia 0.5. Hiki ndicho kinachoamua daraja la mfumo wako kwenye kiwango cha Ulaya cha EN 54-20 (A ni nyeti kupita yote, kisha B, kisha C), si maandishi ya kwenye katoni.

Hatua ya 3: Bomba

Bomba jekundu la ABS (aina ya plastiki ngumu), kipenyo cha nje milimita 25. Usinunue bomba la maji. Si kwamba halitapitisha hewa. Kuna siku fundi bomba atalikuta juu ya siling, atadhani ni la maji, na atalikata.

Kata kwa mkasi wa bomba, usikate kwa msumeno. Msumeno unaacha makapi ya plastiki ndani, na makapi hayo yanasafiri mpaka kwenye filta au yanaziba tundu njiani. Ukishatoboa matundu, puliza bomba kabla halijaunganishwa na boksi. Kona ziwe za mviringo mpana, si elbo kali. Gundi kila kiungo isipokuwa kimoja: pale bomba linapoingia kwenye boksi. Hapo linasukumwa tu likakaza. Ukiligundisha, siku ya kubadilisha boksi utakata bomba.

Kiungo kisichokaza ni kama mrija wa soda wenye ufa. Boksi litavuta hewa ya juu ya siling badala ya hewa ya chumba, na halitalalamika, kwa sababu hewa inapita. Pita na mkono wako kiungo kimoja kimoja.

Bandika lebo kwenye kila tundu.

Hatua ya 4: Boksi linakaa wapi, na hewa yake inamwagwa wapi

Hapa ndipo alipokwama kijana wa Dodoma, na hapa ndipo mafundi wengi hupotezea muda, kwa sababu michoro mingi huonyesha bomba linaloingia kwa rangi nyekundu iliyokoza, halafu njia ya hewa ya kutokea inaachwa kama tundu tu chini ya boksi.

Feni ya boksi haina nguvu nyingi. Inavuta kwa mia chache za paskali, na kwenye tundu la mwisho kinachobaki ni makumi. Sasa fikiria chumba cha seva kimefungwa vizuri, AC inakisukumia hewa, kwa hiyo ndani presha ni kubwa kidogo kuliko koridoni. Boksi limefungwa koridoni ili mlinzi alione. Hewa inavutwa kutoka chumba chenye presha na kumwagwa mahali pasipo na presha. Maana yake chumba chenyewe kinaisaidia feni kusukuma. Ukirekodi kipimo cha msingi cha mtiririko katika hali hiyo, boksi linaamini huo ndio ukawaida.

Usiku AC za ofisi zinazimwa, milango ya koridoni inafungwa, feni ya kuingiza hewa safi inapumzika. Presha ya koridoni inabadilika. Kule seva, AC moja inapokezana na nyenzake. Msaada ule unapungua au unaongezeka, mtiririko unayumba, na EN 54-20 inataka mtambo utoe folti mtiririko unapobadilika kwa asilimia 20. Boksi linafanya kazi yake. Asubuhi ofisi inafunguliwa, hali inarudi, folti inafutika. Kijana alikuwa anarekodi upya kipimo cha msingi kila asubuhi, na usiku mchezo unaanza upya.

Kabla ya kugusa chochote, toa kumbukumbu ya matukio kwenye boksi. Andika saa za folti. Halafu uliza: AC zinapokezana saa ngapi? Jenereta inajaribiwa lini? Wasafishaji wanaacha mlango upi wazi? Saa zikilingana, tatizo si boksi. Chukua ile karatasi ya tishu, iweke kwenye upenyo chini ya mlango wa seva. Ikisukumwa nje kwa nguvu, umeshapata jibu. Mwenye manometa (kipima presha) aitumie, lakini karatasi inatosha kukuambia mwelekeo.

Dawa ni kuirudisha hewa ndani ya chumba kilekile inakotoka. Unafunga bomba kwenye tundu la kutokea, unalipitisha ukutani, unalimalizia ndani ya chumba cha seva. Presha ya kuingilia na ya kutokea zikiwa sawa, chumba kikipanda na kushuka feni haihisi kitu. Lakini yapo mambo ya kuangalia:

Chini ya sakafu ya kuinuliwa si chumba kilekile. AC nyingi za seva zinasukumia hewa baridi huko chini, kwa hiyo kuna presha kubwa kuliko juu. Ukimwaga hewa huko, unaisukumia feni mzigo. Juu ya siling nako si chumba kilekile.

Mdomo wa bomba la kutokea usikae mbele ya AC inakotema hewa. Upepo ukipiga kwenye mdomo ni sawa na kuuziba kwa kidole mara kwa mara.

Bomba la kutokea lina urefu, na urefu ni mzigo. Liingize kwenye programu ya mahesabu kama ulivyoingiza yale ya kunyonya.

Tundu la ukutani lizibwe kwa dawa ya kuzuia moto. Ukiliacha wazi umetoboa ukuta unaotakiwa kuzuia moto, na gesi ya kuzimia, kama chumba kina mfumo wa FM-200, itavuja hapo.

Kwa watu wa Dar, Tanga na Mombasa: bomba likinyonya hewa ya moto yenye unyevu, mathalani juu ya siling, kisha likapita kwenye chumba chenye baridi, maji yatajikusanya ndani ya bomba. Liwekee mteremko na kitego cha maji kabla ya boksi. Maji yakifika kwenye chemba ya leza, nunua boksi jingine.

Baada ya yote haya, ndipo urekodi kipimo cha msingi, AC zikiwa zinafanya kazi kama zinavyofanya siku zote, milango imefungwa. Ukishindwa kabisa kurudisha hewa ndani, hamishia boksi lenyewe ndani ya chumba na uweke kionyeshi kidogo koridoni kwa ajili ya mlinzi. Kitu nisichokubali ni kupanua mipaka ya folti hadi inyamaze. Bomba likija kukatika, boksi hilo litanyamaza vilevile.

Hatua ya 5: Umeme

Boksi linatumia volti 24, na kwa sababu lina feni linakula umeme kuliko vitambuzi vya kawaida kwa mbali sana. Usilitundike kwenye betri ndogo za paneli. Tuseme lako linakula ampea 0.4: kwa saa 24 ni 9.6, ongeza nusu saa ya alamu kwa ampea 0.8, unapata 10. Zidisha kwa 1.25 kwa ajili ya kuchakaa kwa betri, inakuwa ampea-saa 12.5. Weka betri mbili za volti 12 zenye ampea-saa 17 au 18. Nyaya zake unazijua.

Hatua ya 6: Kupima

Kwanza kabisa, tenga mfumo wa gesi. Mtu mmoja tu akisahau hili, mteja anajaziwa mitungi kwa fedha yako. Wajulishe pia walinzi, na kama paneli imeunganishwa na watu wa Zimamoto, wajulishe na wao.

Washa kijiti cha udi kwenye tundu la mbali kuliko yote, anza kuhesabu kwa saa. NFPA 72, kanuni ya Marekani ya alamu za moto, inaruhusu hadi sekunde 120. Kwa chumba cha seva mimi nataka 60. Muda ukipita ule wa programu kwa mbali, kuna kiungo kinavuja au tundu limezibwa na makapi. Makopo ya moshi wa kupuliza siyapendi. Yanaacha mafuta kwenye tundu na kwenye chemba, wakati udi unapatikana duka lolote na hauachi kitu cha maana.

Kuna kipimo kingine cha kuchoma kipande cha waya wenye ganda la PVC kwa umeme mdogo, kinachofanana na moto halisi wa kebo. Kifanye mara moja siku ya makabidhiano. Moshi wa PVC una tindikali, na hizo ni seva za watu.

Hatua ya 7: Viwango vya alamu

Liache boksi lijifunze hewa ya chumba kwa wiki mbili, jenereta ikiwa imejaribiwa angalau mara moja ndani ya muda huo. Moshi wa dizeli unaoingia na hewa safi ndio chanzo cha alamu nyingi za uongo mijini kwetu. Kiwango cha chini kimpigie simu fundi wa zamu, cha kati kiite mlinzi. Gesi isiachiwe na boksi hili peke yake. Ingoje kitambuzi cha kawaida nacho kikubali.

Hatua ya 8: Matunzo

Kila baada ya miezi sita rudia kipimo cha udi na ulinganishe na muda wa siku ya makabidhiano. Mtiririko ukishuka polepole, kuna uchafu. Ukipanda ghafla, kuna bomba lililochomoka. Ukiona umeshuka, safisha kwanza ndipo urekodi upya, kamwe usianze na kurekodi.

Kusafisha, chomoa bomba kwenye boksi, kisha nyonya uchafu kwa mashine ya kufagilia kutoka upande wa boksi. Kompresa nayo inafaa, ila bomba likiwa limechomolewa. Ukipuliza likiwa limeunganishwa umeua feni na chemba kwa mpigo. Filta wengi husema miaka miwili. Kwa vumbi la Dodoma au jengo lililo kando ya barabara ya vumbi, iangalie kila mwaka. Usiipulize ukairudisha. Ile inayolinda lenzi ikishatoboka, hutaona kwa macho.

Wakija mafundi wa jipsamu au rangi, zima boksi na uandike kuwa limezimwa, funika matundu kwa utepe wa rangi inayoonekana, weka mtu wa kuzunguka chumbani na mtungi wa kuzimia mpaka wamalize. Hesabu vipande vya utepe ulivyobandika, na uhesabu tena wakati wa kuvibandua.